Ua dogo la Bugarama: Ulaya ililitunza, je, Rusizi italihifadhi?

Mwaka 2023, katika nyanda za chini za wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, watafiti walikuta mmea ambao ulikuwa umekwisha kuandikwa katika orodha ya viumbe vilivyotoweka porini. Ni yungiyungi la maji, dogo kuliko mayungiyungi yote yanayofahamika duniani. Kwa takriban miaka 15 mtu aliyetaka kuliona alilazimika kwenda katika nyumba za vioo za bustani za mimea barani Ulaya, hasa ile ya Bonn nchini Ujerumani na ile ya Kew jijini London. Mkazi wa Bugarama, ambako ua hilo ndiko kwao, hakuwa na mahali pa kulitazama.

Habari ya kuonekana kwake tena ilipokelewa kwa furaha na wanasayansi, na kwa haki. Hata hivyo, kupatikana kwa mimea michache katika tope hakumaanishi kwamba mmea umeokoka. Mambo yaliyousukuma hadi ukingoni mwa kutoweka bado yapo: maji yanahitajika na wengi, ardhi ni finyu, na watu wanaoishi jirani na chemchemi hawakuwahi kuelezwa kwa uzito unaostahili kwamba kitu hicho kinapatikana kwao peke yao.

Chemchemi na tope lake

Jina la kisayansi la mmea huo ni Nymphaea thermarum, na neno la pili linamaanisha kwamba ni wa majimoto. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Eberhard Fischer, aliukuta mwaka 1987 huko Mashyuza, katika eneo la Bugarama. Kwa Kinyarwanda, amashyuza ndiyo majimoto yenyewe yanayobubujika kutoka ardhini, na wenyeji wameyajua na kuyaoga kwa vizazi vingi kabla ya mgeni yeyote kufika na daftari lake.

Yungiyungi hilo lina tabia isiyo ya kawaida. Mayungiyungi mengi huzamisha mizizi chini ya bwawa na kuelekeza majani juu ya maji. Hili la Bugarama liliota kwenye tope lenye unyevu, pembeni mwa chemchemi, mahali ambapo maji yaliyotoka ardhini yakiwa ya moto yalikuwa yamekwisha kupoa hadi nyuzi joto zipatazo 25. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, na ua lake ni jeupe lenye kiini cha manjano. Kwa kulinganisha, mwaka 2022 wataalamu wa Kew walitangaza spishi mpya ya yungiyungi kubwa kutoka Bolivia, ambalo jani lake hupita mita tatu kwa upana. Mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja.

Hakuna mahali pengine popote ambapo ua la Bugarama liliwahi kupatikana likiota lenyewe. Makazi yake yote duniani yalikuwa ukanda wa tope wa mita chache. Mnamo mwaka 2008 hivi, ukanda huo ulikauka baada ya maji ya chemchemi kuelekezwa kwenye matumizi mengine, hasa ya kilimo. Chemchemi haikufa, na hapakuwa na sumu wala moto. Maji yalibadilishiwa njia tu, na hilo likatosha.

Ni vyema kusimama hapa kidogo, kwa sababu tukio hilo mara nyingi husimuliwa kana kwamba lilikuwa pambano kati ya chakula na ua. Uwanda wa Bugarama, ulio miongoni mwa sehemu za chini kabisa na zenye joto zaidi nchini Rwanda, ni maarufu kwa kilimo cha mpunga, na hakuna mtu mwenye busara atakayemwambia mkulima aache shamba lake likauke kwa ajili ya ua lenye jani la ukubwa wa ukucha. Lakini mmea huu haukuwahi kuhitaji maji ya shamba. Ulihitaji mchirizi mdogo usiokatika. Mchirizi huo haukukatwa kwa kuwa watu walipima faida na hasara wakachagua mpunga. Ulikatwa kwa kuwa aliyeukata hakujua kilichokuwa chini ya miguu yake. Wakati huo ua lilikwisha kuwa na jina la Kilatini, maelezo katika jarida la kitaalamu na chumba chake katika bustani ya Bonn. Pale lilipoota hapakuwa na hata kibao.

Namna lilivyookolewa

Fischer alikuwa ametambua mapema kwamba makazi hayo ni dhaifu, akapeleka mimea kadhaa Bonn. Huko iliishi kwa zaidi ya miaka kumi, lakini watunzaji walishindwa kuizalisha kwa wingi. Mbegu zilikubali kuota, kisha miche ikafa ingali midogo. Idadi ilizidi kupungua. Inasimuliwa kwamba wakati fulani hata panya aliingia na kula mmoja wa mimea ya mwisho iliyobaki nchini Ujerumani.

Mbegu na miche michache ilipelekwa Kew, mikononi mwa Carlos Magdalena, mtaalamu wa bustani mzaliwa wa Uhispania. Naye alianza kwa kushindwa. Alibadilisha ugumu wa maji, kina chake na kiwango cha joto, na miche ikaendelea kufa. Hatimaye alirudi kusoma maelezo ya awali ya mahali mmea ulipopatikana, akaona kwamba maelezo hayo hayakutaja bwawa hata kidogo. Yalitaja tope. Mimea iliyozama hutegemea hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani ya maji, nayo huwa kidogo. Mmea ulio kwenye tope huvuta hewa hiyo moja kwa moja kutoka angani. Magdalena akaweka miche katika vyungu vya udongo vilivyozungukwa na maji yenye joto la nyuzi 25, uso wa maji ukiwa sawa na uso wa udongo. Miche ikastawi. Novemba 2009 ua la kwanza likachanua Kew, na miezi michache baadaye bustani hiyo ikatangaza kwamba mmea umeokolewa.

Kisa hiki ndicho hoja nzito kuliko zote kwa wale wanaouliza bustani za mimea zina faida gani zaidi ya kupigia picha za harusi. Lakini kina upande wa pili. Ufunguo wa kuufufua mmea ulikuwa maelezo ya tope la Bugarama. Kama angekuwapo mtunza bustani mmoja mwenye ujuzi pale Rusizi, akiwa na karai la udongo kando ya chemchemi ile ile, huenda safari ya miaka ishirini kupitia Bonn na London isingekuwa ya lazima.

Umaarufu uliwaletea waokoaji matatizo mapya. Januari 2014 mmoja wa mimea iliyokuwa ikionyeshwa Kew uling'olewa na kuibwa ndani ya nyumba ya vioo, na polisi wa London wakaanzisha uchunguzi. Wapo wakusanyaji wa mimea adimu walio tayari kulipa, na kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono hufichika kwa urahisi. Wizi huo ulitokea mahali penye walinzi na lango la kulipia. Tope lililo wazi Rusizi halina chochote cha namna hiyo.

Mali ya nani?

Mmea ulipochukuliwa Rwanda, Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai ulikuwa bado haujaandikwa. Mkataba huo wa mwaka 1992 ndio uliotamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kibiolojia, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka utaratibu wa kugawana faida inayotokana nazo. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuiridhia itifaki hiyo. Kwa ua la Bugarama, sheria zilichelewa kufika.

Swali hilo si la heshima peke yake. Kwa kuwa ni dogo, linakua upesi na linaweza kujichavusha lenyewe, yungiyungi hili limekuwa kifaa kizuri cha maabara kwa wanaochunguza asili ya mimea inayotoa maua, kwani mayungiyungi ni miongoni mwa matawi ya kale kabisa ya mimea hiyo. Mwaka 2020 ramani ya jenomu yake ilichapishwa nchini Marekani, na taarifa hizo ziko wazi kwa mtafiti yeyote. Katika mkutano wa bayoanuwai uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko ambao kampuni zinazonufaika na taarifa za vinasaba zitauchangia, na angalau nusu ya fedha inakusudiwa kuwafikia watu wa jamii za asili na jamii za wenyeji. Mfuko ulizinduliwa Februari 2025. Uchangiaji ni wa hiari, kwa hiyo si busara kwa mtu yeyote Bugarama kuhesabu fedha hizo leo. Pamoja na hayo, ni mara ya kwanza kuwapo mlango ambao jamii kama hiyo yaweza kuubisha.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu chungu ya namna mambo haya yalivyokwenda zamani. Ua dogo la urujuani la milima ya Usambara, Tanzania, lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire, likapewa jina lake la ukoo, na leo linauzwa vyunguni katika maduka ya maua kote duniani. Porini, aina kadhaa za ua hilo zinazidi kubanwa kadiri misitu inavyopungua, na vijiji vya Usambara havijatajirika kwa biashara hiyo.

Funzo la Kihansi

Iwapo Rwanda itaamua kuongeza mimea hiyo porini kwa kutumia ile iliyozalishwa Ulaya, mfano wa karibu zaidi haumo katika bustani bali katika maporomoko ya maji ya Kihansi, kusini mwa Tanzania. Huko aliishi chura mdogo wa manjano, urefu wake chini ya sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Alitegemea manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipokamilika karibu na mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua vibaya. Vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Alirudishwa mwaka 2012, baada ya kazi ya muda mrefu iliyohusisha bustani za wanyama za Bronx na Toledo pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ili arudi ilibidi mabomba ya kunyunyizia maji yafungwe bondeni na yatunzwe siku zote, maabara ijengwe nchini, Watanzania wafundishwe kazi ya kumlea, na mgawanyo wa maji kati ya mitambo na bonde ukubaliwe kimaandishi. Baada ya yote hayo, hali ya chura bado inahitaji uangalizi wa kila mara. Kumrudisha ilikuwa sehemu rahisi. Kumwekea maji mwaka hadi mwaka ndiyo kazi.

Rusizi ina nafuu moja. Haihitaji mabomba ya gharama wala mjadala kuhusu umeme wa taifa. Kiasi cha maji kinachohitajika ni kidogo mno ukilinganisha na kinachoingia mashambani au kinachotumiwa na shughuli nyingine za bonde hilo, ambalo pia lina machimbo ya chokaa na kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Kinachohitajika ni uamuzi unaojulikana na wote: kwamba mfereji fulani haubadilishwi njia, na kwamba mtu fulani mwenye jina na mshahara ndiye anayeutazama.

Bustani gani, na wapi?

Rwanda si nchi isiyo na bustani. Katika mji wa Huye, shamba la miti la Ruhande, lililoanzishwa katika miaka ya 1930 na lenye ukubwa wa hekta zipatazo 200, lina aina nyingi za miti ya kienyeji na ya kigeni. Mjini Kigali, bonde la Nyandungu, lililokuwa limeharibiwa na shughuli za watu, lilikarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022, likiwa na mabwawa, njia za waendao kwa miguu na baiskeli, na bustani ya mimea ya dawa. Wakazi wa mji mkuu wanaipenda, na hilo linaonekana kila mwisho wa juma.

Tatizo ni umbali. Mtoto wa shule wa Muganza au Nyakabuye akitaka kufika Nyandungu ni lazima avuke nchi nzima kwa basi. Jirani yake upo msitu wa Nyungwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO Septemba 2023, pamoja na kipande chake cha Cyamudongo kilichojitenga ndani ya vilima vya Rusizi. Ni hazina kubwa, lakini imepangwa kwa ajili ya mtalii anayelipa kutazama sokwe na kutembea juu ya daraja la kamba. Tena, mimea ya msitu wa mlimani ni ulimwengu mwingine. Majimoto ya Bugarama yako chini kabisa, katika joto, na hayamo katika hifadhi hiyo.

Kuna sababu ya kiutendaji, si ya mapambo tu, ya kutaka bustani ndogo ya mimea huko Bugarama au Kamembe. Mahali ambapo mimea ya porini imebaki hapapaswi kugeuzwa kivutio. Jozi chache za viatu katika tope zinatosha kumaliza kazi ambayo mfereji uliianza mwaka 2008, achilia mbali mwizi mmoja mwenye mfuko wa plastiki. Watu hawawezi kuombwa walinde kitu wasichoruhusiwa kukiona, na hawawezi kuruhusiwa wote kukiona pale kilipo. Bustani hutatua ugumu huo: karai kadhaa za tope, maji ya vuguvugu ambayo Rusizi inapewa bure na ardhi ilhali Kew huyalipia kwa umeme, na maelezo kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Lugha hii imekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, nayo husikika kila siku katika masoko ya Kamembe na Bugarama kutokana na biashara ya mpakani.

Wataongezeka wageni? Hapo matarajio yawe ya kiasi. Wilaya hiyo, yenye wakazi zaidi ya 480,000 kwa sensa ya mwaka 2022, inapakana na Burundi na Kongo kwa pamoja, na siasa za mipaka zimeiumiza. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na mji wa Bukavu, ulio ng'ambo tu ya Cyangugu, uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Mpango wowote unaotegemea watalii wa kuvuka mpaka unajengwa juu ya mchanga. Wageni wa uhakika ni wanafunzi wa wilaya yenyewe, walimu wao, na wakulima ambao maamuzi yao kuhusu mifereji ndiyo yatakayoamua hatima ya mmea.

Lipo pia suala la vinasaba ambalo wataalamu hawana budi kulipa nafasi. Mimea iliyo Ulaya yote imetokana na sampuli chache, tena ni mmea unaojichavusha. Ile iliyoonekana mwaka 2023 huenda imebeba tofauti ambazo zile za vyunguni zimekwisha kuzipoteza. Kurudisha haraka mimea ya Kew na kuipanda kando ya ya Rusizi kunaweza kupendeza katika picha za hafla, lakini kabla ya hapo ni lazima zote zipimwe na kulinganishwa, na kazi hiyo inaweza kufanyika nchini. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo chake cha bayoanuwai huko Huye, ambako pia ndiko liliko hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea iliyokaushwa. Sheria ya bayoanuwai ya mwaka 2021 inazipa mamlaka za nchi msingi wa kudai kwamba sampuli zitakazotoka safari hii zitoke kwa makubaliano.

Mtihani wa kwanza hausubiri mkutano wala bajeti. Mvua za masika zikikoma, kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, uwanda wa Bugarama huingia katika kiangazi kirefu, na kila mwenye shamba hutafuta maji popote yalipo, pamoja na yale ya chemchemi. Mimea iliyoonekana mwaka 2023 ni michache, na majembe yanayofungua mifereji wakati huo ni mengi.